Kagua Mafuta

Karatasi yenyewe niliiandika mimi, kwa kalamu nyekundu na kwa herufi kubwa ili mtu aweze kuisoma hata jioni: KAGUA MAFUTA KILA JUMAMOSI. Niliibandika kwa skochi upande wa ndani wa kifuniko cha moteri, chini ya kiti, maana katika Hiace za zamani moteri hulala pale, chini ya dereva na abiria wake wa mbele. Ni maneno manne tu. Hayana kosa la tahajia wala la sarufi. Wenzangu wa kitivo wameniuliza mara nyingi kwa nini sikutetea tasnifu yangu pamoja nao mwaka uliopita, nami nimekuwa nikiwajibu kwamba pesa zilikosekana. Zilikosekana kweli. Lakini sijawahi kuwaeleza kwamba zilikosekana kwa sababu ya maneno hayo manne, na kwamba aliyeyaandika ni mtu anayesomea maneno.

Hiace hiyo baba aliinunua alipopumzishwa kazi, kwa hesabu yake ya mwisho. Inabeba abiria kati ya Katuba na katikati ya mji, na pesa ambayo dereva huleta jioni ndiyo inayotulisha, ndiyo inayonisomesha. Moteri yake si ile iliyotoka nayo Japani. Ni moteri ya dizeli yenye turbo, iliyong'olewa katika gari jingine, na hakuna anayejua ilitembea kilometa ngapi kabla ya kufika kwetu. Anayeitunza ni baba mudogo, mdogo wake baba, mwenye garaji isiyo na ukuta: kuna mwembe, kontena moja la vyombo, shimo la kuingilia chini ya gari, na vijana watatu wanaojifunza kazi.

Mimi nilianza kwenda kwenye garaji hiyo na daftari, si na kile. Tasnifu yangu ilihusu maneno ya mafundi wa magari wa Lubumbashi. Nilikuwa nimesoma kile kitabu kidogo cha André Yav cha mwaka 1965, kilichoandikwa kwa Kiswahili cha mji wetu kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Kichwa chake kwa Kifaransa kinasema ni msamiati wa mji wa Élisabethville, lakini ukifungua ndani unakuta historia. Jambo hilo lilinikaa kichwani. Niliona kwamba ukikusanya maneno ya watu wanaofanya kazi, utapata na habari zao, hata kama hawakukusudia kukuambia.

Maneno yalikuwa mengi. Tuna motokari, neno lenye asili ya Kiingereza, katika mji ambao wakubwa wake walisema Kifaransa. Tuna kilasi, yaani kichwa cha moteri, kutoka Kifaransa culasse. Mtu aliyezoea kitabu na vitabu angetegemea wingi wake uwe vilasi, lakini garajini husema bakilasi, kwa ile ba- yetu tunayoiweka hata kwenye vitu visivyo na roho. Tuna diriti, ndiyo mipira inayopitisha maji na hewa, na kolie, ndiyo vifungo vya chuma vinavyobana mipira hiyo. Halafu siku moja nikasikia reniflari.

Reniflari ni tundu juu ya moteri, pamoja na mpira unaotoka hapo. Kwa Kifaransa jina hilo limetokana na kitendo cha kuvuta kamasi puani. Nilimwuliza baba mudogo kazi yake. Akanijibu bila kuinua kichwa:

«Ile njo pua ya moteri, mama. Moteri nayo inapumua.»

Akanieleza, nami nikaandika. Ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka, na kuizunguka kuna pete za chuma, ambazo mafundi wetu huziita segema. Kazi ya pete hizo ni kuzuia mlipuko usipite kando ya pistoni na kushuka chini, mahali mafuta ya kulainisha yanapokaa. Lakini hakuna pete inayoziba kabisa, hata katika moteri mpya. Gesi kidogo hupenya kila mara. Hushuka chini ikiwa ya moto, ikiwa na masizi, na mvuke wa maji, na mazutu ambayo hayakuungua, kisha huchanganyika na ukungu wa mafuta yanayorushwa na vyuma vinavyozunguka. Ikikosa mahali pa kutokea, itasukuma sili mpaka mafuta yavuje kila upande. Kwa hiyo moteri ikawekewa pua.

Zamani pua hiyo ilitazama chini, ikitema uchafu barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Kalifornia, ambako hewa ya Los Angeles ilikuwa imechafuka kwa moshi wa magari, wakubwa walianza kudai kwamba magari mapya yarudishe gesi hiyo ndani ya moteri ili iungue pamoja na hewa safi. Baadaye njia hiyo ikaenea katika nchi nyingine, na magari ya dizeli nayo yakaipata. Ndiyo maana leo mpira wa reniflari hauachwi wazi. Katika Hiace yetu unaingia kwenye bomba la hewa, kati ya filtri na turbo. Jambo hilo ni jema kwa hewa ya mji, lakini moteri inakuwa kama mtu anayemeza kamasi yake mwenyewe. Mafuta yanapita ndani ya turbo, yanapaka ukuta wa kila bomba, na pale yanapokutana na masizi ya moshi unaorudishwa, yanageuka kuwa uji mweusi mzito unaoziba njia za hewa mwaka hata mwaka.

Niliuona uji huo kwa macho. Mwezi wa Mei baba mudogo alifungua bomba moja la Hiace yetu na kuingiza kidole. Kilitoka cheusi mpaka kwenye kiungo cha pili. Gari lilikuwa linatoa moshi wa buluu asubuhi, na dereva alikuwa anaongeza mafuta ya moteri mara kwa mara. Nilikwenda nyumbani, nikasoma usiku kucha kwenye simu, nikagundua kwamba kuna dawa. Watu wengi huweka kopo kati ya reniflari na bomba la hewa. Gesi inaingia humo, inapunguza mwendo, inalazimishwa kugeuka na kupita katika nyuzi za chuma. Matone ya mafuta yanashikwa na nyuzi, yanaungana, yanaanguka chini. Gesi iliyopungukiwa na mafuta inatokea juu na kuendelea na safari yake. Kinachobaki ni kumwaga kilichokusanyika.

Asubuhi nilimpelekea baba mudogo mchoro. Aliutazama kwa muda, akanirudishia.

«Mama, mutu wa mafua, mushwari inamusaidia kupanguza. Haimuponyeshe.»

Mushwari kwetu ni leso, kitambaa cha kupengea kamasi. Alitaka kwanza tupime mgandamizo wa kila silinda ili tujue hali ya segema. Ikiwa zimekwisha, alisema, hakuna kopo litakalotusaidia. Kupima kungetaka kulaza gari siku nzima, na siku nzima bila gari ni siku nzima bila pesa. Baba alinisikiliza mimi, na nadhani alinisikiliza kwa kuwa kopo lilikuwa nafuu. Baba mudogo hakubishana na kaka yake. Alisema tu, «Basi tutafanya kazi muzuri», na kazi yenyewe tuliifanya vizuri.

Nataka kuieleza, kwa kuwa ndiyo kazi ya mikono ya kwanza niliyoifanya maishani nikaiona imesimama. Fundi wa kuchomelea alitukatia bomba la chuma lenye upana wa sentimeta 8 na urefu wa sentimeta 20, akaliziba chini na juu. Ndani, sentimeta 14 kutoka chini, aliweka sahani yenye matundu. Juu ya sahani nilijaza nyuzi za inoksi, zile za kusugulia sufuria. Baba mudogo alinikataza kutumia pamba ya chuma ya kawaida, kwa kuwa hushika kutu na kukatika, na kipande kimoja kikivutwa kwenye turbo kitaharibu mapanga yake. Bomba la kuingilia lilipita katikati ya sahani na kuishia chini yake. La kutokea lilikuwa juu kabisa. Chini ya kopo tuliweka bomba dogo la kufungua na kufunga. Nilikokotoa ujazo: chini ya sahani kulikuwa na nafasi ya mililita 700. Fundi alitaka kuongeza kijibomba chenye kuonyesha, cha kutazama kimo cha mafuta bila kufungua. Alidai dola 6 zaidi. Tulikataa.

Mipira ilikuwa shida ya pili. Sokoni wanauza mipira ya maji kwa bei ndogo, lakini mafuta ya moto huilainisha mpaka inanywea na kujifunga yenyewe, na reniflari iliyozibwa ni mbaya kuliko kukosa kopo: presha hupanda chini ya moteri na sili hutoka mahali pake. Tulinunua mipira inayovumilia mafuta, yenye upana uleule wa mpira wa zamani, bila kupunguza hata milimeta. Kopo tulilifunga wima ukingoni mwa shimo la moteri, upande ulio mbali na joto la turbo. Mpira wa kuingia tuliuteremsha kutoka reniflari hadi kopo bila kuuacha ujikunje chini katikati, ili maji na mafuta yasilale humo. Nilikaza kolie zote nne mimi mwenyewe.

Mwisho baba mudogo aliwasha moteri, akafungua kifuniko cha kujazia mafuta, akaweka kipande cha karatasi juu ya tundu. Moteri nzima ingeiacha karatasi itetemeke tu, au ingeivuta kidogo. Karatasi yetu iliruka.

«Unaona vile inahema?» aliniuliza.

Niliona. Nikadhani jambo lililobaki ni la kesho.

Sasa nije kwenye majina. Nilikuwa nimekwisha kuliandalia kopo lile jina zuri: kitemeo. Ukichukua kitenzi tema, ukakitia kauli ya kutendea ukapata temea, kisha ukakivika ki- mwanzoni na -o mwishoni, unapata chombo cha kutemea, kama vile kifungo kilivyotoka katika funga na kikalio katika kalia. Niliwaeleza vijana wa garaji. Walinisikiliza kwa heshima. Kesho yake nikawasikia wakiita mushwari. «Kaza kolie ya mushwari.» «Mushwari iko wapi?» Walikuwa wameokota mfano wa baba mudogo: ikiwa reniflari ni pua, kopo ni leso yake. Hata dereva alipoletewa gari aliambiwa hivyo na vijana, akacheka, akasema kumbe Hiace yake imekuwa bibi wa heshima, inatembea na mushwari. Katika daftari langu, mbele ya neno mushwari, niliandika: «utani». Mbele ya kitemeo niliandika: «pendekezo».

Karatasi niliiandika jioni hiyohiyo. Mwanzoni niliandika MWAGA KITEMEO. Nikajiuliza kama dereva angeelewa. Nikaona si haki kumwachia mtu wa kazi neno ambalo nimelizua jana. Nikatafuta neno ambalo kila mtu analijua, nikaandika mafuta. Nilijisifu moyoni kwamba nimeshuka kwa watu.

Wiki mbili za kwanza nilimwaga mwenyewe, tena kwa kupima, katika chupa ya kunyonyeshea mtoto yenye mistari ya mililita. Wiki ya kwanza nilipata 90, wiki ya pili 110. Ilikuwa Juni, na asubuhi za Juni hapa kwetu baridi inauma, kwa hiyo mvuke uliganda ndani ya kopo na mafuta yakatoka yenye rangi ya kahawa ya maziwa. Nilimwonyesha baba chupa ile. Nilimwambia, uchafu wote huu ungeingia kwenye moteri yako. Alifurahi, akawaonyesha jirani. Sikumwambia kwamba kwa kopo jipya mililita 110 kwa wiki ni nyingi, kwa kuwa wakati huo sikuwa nimelinganisha na chochote. Baba mudogo alipoziona alinyamaza.

Kisha mitihani ikaanza, na baada ya mitihani kulikuwa na kazi ya maandishi. Kwa wiki tano sikufika kwenye garaji. Niliamini karatasi yangu inafanya kazi badala yangu.

Wiki ya tano dereva alipata safari ya kuwapeleka wafanyabiashara Kasumbalesa, mpakani, karibu kilometa 90. Walikuwa kumi na mmoja pamoja na mizigo yao. Barabara kubwa si kama mitaa ya Katuba: moteri hukimbia kwa muda mrefu bila kupumzika, na kadiri inavyokimbia ndivyo gesi inavyozidi kupenya. Walipokuwa wamepita nusu ya njia, dereva aliondoa mguu kwenye kanyagio, na gari likaongeza mwendo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Sauti ya moteri ilipanda kama siafu wamemwingia. Nyuma kulikuwa na moshi mweupe mpaka hakuona kitu kwenye kioo. Akazima kwa ufunguo. Moteri haikuzimika.

Moteri ya dizeli haina cheche. Inaunguza chochote cha mafuta kitakachoingia katika hewa iliyobanwa ikawa moto sana. Pampu ya mazutu inatii ufunguo, lakini mafuta yanayoingia kwa njia ya hewa hayamtii mtu. Yakiwa mengi, moteri hujilisha yenyewe na kupanda mpaka ivunjike. Kopo langu lilikuwa limejaa kupita sahani. Kila pumzi ya reniflari ilipita ndani ya mafuta kama mtu anayepuliza maji kwa mrija, ikayabeba hadi kwenye turbo, si kwa ukungu tena, bali kwa mafundo.

Dereva huyo ameendesha kwa miaka 20. Aliweka gia ya tano, hakukanyaga klachi, akakanyaga breki kwa miguu miwili mpaka magurudumu yakataka kusimama na moteri ikanyongwa. Ilikata kwa mshtuko mmoja. Watu waliruka madirishani na milangoni. Mama mmoja aliteguka mguu. Hakuna aliyekufa. Sentensi hiyo fupi nimeirudia usiku mwingi kabla ya kulala.

Simu ilipofika nyumbani, baba aliuliza swali moja tu: «Batu bote bazima?» Alipojibiwa, alikaa chini. Hakuuliza habari za gari mpaka kesho yake.

Hiace ilivutwa hadi chini ya mwembe. Nilifika nimetayarisha maneno makali kwa dereva. Nilimwonyesha karatasi, ikiwa bado imebandikwa pale pale, safi. Nikamwuliza kama hakuisoma.

«Niliisoma, mama. Kila siku ya posho nilikuwa naangalia mafuta. Ikipunguka kidogo, naongeza.»

Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu, kwa kumbukumbu ya siku wafanyakazi wa kampuni walipogawiwa posho. Na kweli, kila siku ya posho alikuwa amefanya kama ilivyoandikwa. Alichomoa joji, akatazama mafuta ya moteri, akaongeza. Kwa kuwa karatasi ilisisitiza, aliongeza hata pale yalipokuwa yanatosha, ili awe salama. Mafuta yakapita alama ya juu, vyuma vikayapiga zaidi, ukungu ukazidi, na kopo likajaa upesi kuliko nilivyokadiria. Utii wake kwa karatasi yangu ndio uliolijaza.

Mafuta! Ni neno gani hili nililolichagua kwa kuwa ni jepesi? Kwetu mafuta ni yale ya moteri. Mafuta ni mazutu. Mafuta ni mawese ya sombe, ni yale ya kujipaka baada ya kuoga, ni ya taa. Dereva anayesoma neno hilo kwenye kifuniko cha moteri atafikiria nini kama si joji? Nilikuwa nimechukua neno pana kuliko yote na kulitaka lionyeshe kitu kidogo kuliko vyote. Katika darasa la semantiki ningemkata maksi mtu aliyetoa mfano huo.

Nikamwambia dereva nilikusudia kile kikopo cha upande ule. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

«Mushwari? Aa, mushwari naijua. Kama ungeandika mushwari, ningeimwanga. Mushwari ikijaa, si unaifula?»

Wale vijana watatu walikuwa wamesimama pale. Hakuna aliyecheka. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, na ndani yake neno lile lilikuwa limeandikwa tangu Juni, kwa mwandiko wangu mzuri, na mbele yake nimeandika «utani». Lilikuwa linajulikana kwa kila mtu aliyegusa gari lile. Tena lilibeba maelezo yake lenyewe: hakuna mtu mzima asiyejua leso iliyojaa inafanywaje. Kitemeo changu kilikuwa sahihi kwa kanuni zote, ila hakikuwa na mtu. Na nilipoogopa kulitumia neno langu, sikwenda kwa lile ambalo watu wenyewe walikuwa wamelizaa mbele yangu. Nilikwenda kwa neno la kila mtu, ambalo halikuwa la mtu.

Baba mudogo alipima mgandamizo siku hiyo, kipimo kilekile alichokiomba mwezi wa Mei. Silinda ya tatu ilitoa bari 17, na nyingine zote zilikuwa juu ya 24. Kilasi ilipofunguliwa tuliona ukuta wa silinda hiyo umekwaruzwa kutoka juu hadi chini kama uliopitiwa na kucha. Mhimili wa turbo ulikuwa unacheza. Nilimwuliza kama kopo ndilo lililoua moteri. Angeweza kusema ndiyo, nami ningemkubalia.

«Moteri ilikuwa inakufa tangu zamani», alisema. «Ile mafuta ilikuwa inaingia kidogo kidogo, inaunguzwa, inakuwa moshi. Njo vile ilikuwa inalipa deni yake. Siye tulikusanya deni yote mu kopo moja, halafu ikalipwa siku moja.»

Akaongeza kwamba yeye pia ana kosa. Alizoea kupitisha mkono chini ya kila kitu katika gari lililo mbele yake, lakini kwa kopo lile alisema moyoni kwamba ni la mtoto wa kaka yake, na mtoto wa kaka yake amesoma.

Matengenezo yalifika dola 850. Zilikuwemo humo pesa za mwaka wangu wa mwisho. Baba aliniita, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba gari litalisha watu saba na shahada italisha mmoja, tena baadaye. Sikuwa na la kujibu. Mwaka huo nilishinda garajini. Nilisafisha vyuma kwa mazutu, niliandika hesabu za wateja, na jioni niliendelea na daftari, safari hii bila safu ya mapendekezo. Niliondoa pia alama zote za «utani». Zilikuwa 31. Nilizirudia moja moja na wale vijana, nikiuliza kila neno linatumiwa na nani, lini, na anayelisikia anafanya nini. Katika maneno hayo 31, sikupata hata moja lililokuwa utani tu.

Moteri sasa ina segema mpya na silinda zilizochongwa upya. Mushwari tuliirudisha, maana baba mudogo anasema mtu aliyepona naye hukosa kupenga siku moja moja. Safari hii ina kijibomba cha kuonyesha kimo. Kwa mwezi mzima inakusanya mililita 30, na ikipita hapo tutajua mapema kwamba kuna jambo. Leso haiponyeshi mafua, lakini anayeitazama anajua kama mtu anapona au anazidi.

Karatasi mpya iliandikwa na dereva. Nilimpa kalamu nyekundu, akaandika polepole: MUSHWARI. SIKU YA POSHO, MWANGA. Msomaji wa Kiswahili sanifu ataona neno la mwisho na kudhani linahusu nuru, kwa kuwa huko husemwa mwaga. Sikulisahihisha. Mwezi ujao nitaitetea tasnifu yangu, na picha ya karatasi hiyo iko katika sura ya tatu. Ile ya kwanza iko pia, kwenye ukurasa unaoitangulia, ikiwa na jina la aliyeiandika.